Taa za Landirova ya Afande

Afande hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hilo ndilo lililowatia watu wa Bwera hofu kuliko bunduki za askari wake. Alasiri ile aliteremka kwenye Landirova, akaingia karakana ya Sosthène bila hodi, akaweka balbu mbili za taa za mbele juu ya meza, kando ya koleo. Vioo vyake vilikuwa vyeusi kwa ndani, kama sufuria iliyosahauliwa mekoni.

"Fundi, ona," alisema taratibu. "Wewe naweka wiki hii, wiki hii naungua. Jana sisi natoka Kasese, giza naingia, hapo Kikorongo taa yote nakufa. Kiboko iko katikati ya barabara. Mimi naona yeye wakati mkono yangu naweza kumugusa."

"Pole, afande."

"Mimi hapana taka pole. Wewe iko Mukongomani. Mimi najiuliza, huyu Mukongomani naharibu gari ya jeshi kwa sababu gani? Nani natuma yeye?" Aliizungusha balbu moja kwa kidole. "Sasa mimi nakwenda daraja ya mpaka. Jioni narudi. Wewe nasema mimi nini naunguza taa. Kama hapana jua, sisi nakwenda pamoja. Wewe nalala kwetu."

Akaondoka kwa miguu na askari wake wawili, akamwacha dereva na gari.

Kulala kwao. Bwera nzima ilijua maana ya maneno hayo. Wapo waliokaribishwa kulala kule kambini, na hakuna aliyerudi hata kuchukua viatu vyake. Sosthène aliketi kwenye gurudumu bovu, akaanza kuhesabu yote aliyokwisha kuyajaribu.

Na wala hakuwa fundi wa kubahatisha. Taa zilipoungua mara ya kwanza alilaumu barabara, maana ile njia ya kutoka Bwera hadi Kikorongo ilikuwa mawe matupu siku hizo, na mtikisiko hukata uzi wa balbu. Akakata mpira wa ndani wa gurudumu, akaweka vipande nyuma ya taa ili zisitikisike. Zikaungua. Akasema ni maji ya mvua, akaziba kingo kwa gundi. Zikaungua. Akafuata nyaya, moja baada ya nyingine, akazisugua kwa msasa mpaka zikang'aa. Zikaungua tena, na kila mara Afande alikuja akiwa mpole zaidi.

Wakati anawaza hayo, mlango wa nyuma wa karakana ulifunguka, akaingia Masereka na kikombe cha chai mkono mmoja, na kifurushi cha karatasi mkono wa pili.

Kiwanja chote kilikuwa cha Masereka. Mwaka wa sitini na nne, waasi walipochoma mitaa upande wa Beni, Sosthène alivuka mpaka na mkewe Martine, wakiwa na sanduku la spana na godoro. Masereka hakuwajua. Aliwatazama tu pale kando ya barabara, akasema nyumba yake ina ua mpana mno kwa mtu mmoja na mkewe Eseri. Akamkatia Sosthène sehemu ya mbele afungue karakana, na miaka kumi na moja sasa walikuwa wakila sahani moja sikukuu zote. Kama kuna mtu ambaye Sosthène angeweza kumwita ndugu upande huu wa mto, alikuwa yeye.

"Nimesikia," alisema Masereka. "Kunywa chai. Na chukua hizi."

Ndani ya karatasi mlikuwa na balbu mbili mpya. Masereka aliwahi kuwa mtunza stoo wa Mahmood, Mhindi aliyekuwa na duka la vipuri Kasese. Wahindi walipofukuzwa, Mahmood alimwachia sanduku moja la balbu, akamwambia, hizi si za serikali, ni za miaka yako ya kubeba mizigo yangu. Sanduku lile lilikaa chini ya kitanda cha Masereka, na balbu zote za Landirova zilitoka humo. Bwera yote ilijua, na Bwera yote ilifunga mdomo, maana mali ya Mhindi ilihesabiwa kuwa ya serikali, na kukutwa nayo kulikuwa kosa.

"Yaya, kaka yangu, nitaweka hizi na zenyewe zitaungua," alisema Sosthène. "Leo atanibeba."

"Sikia. Padri wa Bugoye nilimupa ampule kama hizi, balbu za sanduku hili hili. Anatembea nazo mwaka wa pili, na gari lake ni kopo tu. Ampule haina kosa. Angalia gari." Masereka alimgusa bega. "Usiogope. Jioni njoo tule, Eseri amepika sombe ya majani ya muhogo."

Akarudi kwake na kikombe kitupu.

Angalia gari. Sosthène aliinua boneti, na safari hii hakugusa taa wala nyaya zake. Alianza na betri. Alifungua vifuniko akachungulia: maji yalikuwa yamekwisha, na alikuwa ameyajaza mwenyewe juzi. Unga mweupe ulikuwa umeganda pembeni. Betri inayokunywa maji namna hiyo ni betri inayochemshwa.

"Kezironi, washa gari," alimwambia dereva.

Kezironi alikuwa Mtooro wa makamo, mkimya, mwenye sare iliyotiwa viraka kwa mkono. Hakupanda kwenye usukani. Alichukua hendeli, akaenda mbele kuizungusha.

"Juu ya nini hendeli, na betri iko?"

"Mimi nazoea hivi, fundi."

Sosthène alimtazama kidogo, akaziweka balbu mpya, akawasha taa. Injini ilipokuwa ikinguruma polepole, mwanga ulikuwa wa manjano, mzuri. Akavuta mafuta. Mwanga ukapanda, ukawa mweupe, ukaumiza macho hata mchana ule. Akaachia haraka asije akaziunguza hizo nazo. Sasa alijua. Dinamo ilikuwa ikimwaga umeme bila kizuizi, na kila Afande alipokimbiza gari kwenye tambarare ya Kikorongo, ilikuwa kama mtu anayelishwa kwa nguvu mpaka anapasuka.

Kizuizi chenyewe ni kisanduku cheusi kilichofungwa ukutani karibu na injini. Kazi yake ni hiyo moja, kuituliza dinamo inapozidi. Sosthène alipopeleka bisibisi pale, mkono wa Kezironi ulitangulia, ukafunika kifuniko.

"Fundi, hiyo wacha. Mimi naomba wewe."

"Toa mukono."

Kezironi alitoa mkono. Chini ya kifuniko, kwenye mwanya wa kile kibao cha chuma kinachotakiwa kushuka na kukata umeme, palikuwa pamechomekwa njiti ya kiberiti. Nzima, na kichwa chake chekundu. Kibao kilikuwa hakiwezi kushuka.

Watu wawili wale walisimama wakiitazama njiti.

"Mama yangu iko kambini, ndani ya nyumba yangu," Kezironi alisema mwishowe. "Upande moja ya mwili nakufa, hapana simama. Mafuta ya taa hakuna, wewe najua. Giza naingia, yeye nalia, nasema sisi namuzika tayari. Nasema nasikia udongo kwa mdomo. Mpaka asubuhi. Sasa mimi natoa betri ya gari, napeleka ndani, naweka balbu ndogo ya breki karibu na kitanda. Yeye naona taa, nalala kama mtoto. Asubuhi betri iko bila moto, hapana washa gari. Hii njiti najaza haraka."

"Na ampule ya Afande ikiungua, banafunga mimi."

"Mimi najua."

"Unajua?"

"Najua, fundi. Siku yote najua. Lakini yeye iko mama yangu."

Hasira ilimpanda Sosthène. Alitamani kumpiga kwa bisibisi aliyoishika. Halafu ikashuka yenyewe, kwa sababu naye alikuwa na mama aliyemwacha Butembo, na hadi leo hakujua alikufaje, wala kama kulikuwa na mtu kando yake. Akaichomoa njiti, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifuniko.

"Martine iko na mushumaa wa misa," alisema. "Nitakupa. Betri usiitoe tena."

"Na Afande? Wewe nasema yeye nini? Kama wewe nasema njiti, mimi hapana fika kesho."

Hilo lilikuwa swali hasa. Ugonjwa wa gari ulikuwa umepona, lakini Afande hakuuliza nini tu. Aliuliza nani. Angeambiwa ni waya, wakati waya alishaambiwa. Angeambiwa ni barabara, wakati barabara alishaambiwa. Alitaka mtu, na Sosthène asipompa mtu, mtu huyo angekuwa yeye mwenyewe.

Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu yeyote wa nchi ile angelifanya mwaka ule. Tangu Wahindi waondoke, kila kilichoharibika kilikuwa chao. Kitambaa kikichanika, ni cha Mhindi. Msumari ukipinda, baiskeli ikikata mnyororo, dawa isipoponya, ni mambo waliyotuachia hao. Watu walisema hivyo sokoni, walisema hivyo mbele ya chifu, na hakuna aliyeumia, kwa kuwa waliolaumiwa walikuwa ng'ambo ya bahari na masikio yao pia. Ilikuwa desturi nyepesi, kama kusema ni mapenzi ya Mungu. Sosthène aliona ameokoka. Atamtaja mtu asiyeweza kukamatwa.

Afande alirudi jua likizama nyuma ya vilima vya Kongo.

"Ni ampule, afande," Sosthène alisema, na sauti yake ilitoka vizuri kuliko alivyotarajia. "Zile za kwanza zote zilikuwa za Mahmood, ule Muhindi wa Kasese. Bintu bya zamani, bilizeeka mu stoo. Alituachia bubaya. Sasa nimeweka zingine, za Butembo. Hazitaungua."

Afande alitabasamu. "Muhindi," alisema, akacheka, na askari wake wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. Kezironi naye alicheka. Sosthène aliona yamekwisha, akaanza kukusanya spana zake.

Halafu Afande akaacha kucheka.

"Mahmood nakwenda mwaka gani?"

"Sabini na mbili, afande."

"Na duka yake serikali nachukua yote. Mimi mwenyewe naweka kufuli kwa mlango. Sasa balbu ya Mahmood nafika hapa namna gani?"

Sosthène aliiweka spana chini.

"Nilinunua zamani, afande. Ziliisha."

Afande alimgeukia Kezironi. "Dereva. Hizi zilizoungua jana, mimi najua wewe nakwenda kuchukua. Wapi?"

Kezironi alimtazama Sosthène. Hakumtazama usoni, alitazama mfuko wa shati lake, pale njiti ilipokuwa.

"Kwa Masereka, afande. Hii nyumba ya nyuma."

Neno moja lilikuwa bado linatosha. Sosthène angeitoa njiti, aseme afande, balbu ni nzima, ona, tatizo ni hili. Dereva angekufa, lakini Masereka angekunywa chai yake. Ama angesema njiti niliiweka mimi. Mambo hayo yote yalimpitia kichwani, na mdomo wake haukufunguka. Aliogopa. Hakuna neno jingine la kumsitiri, aliogopa, na hofu yake ilikuwa kubwa kuliko miaka kumi na moja ya sahani moja.

Askari walizunguka nyuma, wala hawakukawia. Ilisikika meza ikianguka, sauti ya Eseri ikiuliza kuna nini, kuna nini, halafu Masereka akatokea mlango wa nyuma akitembea mbele ya bunduki. Walikuwa wamembebesha sanduku lenyewe kichwani. Mguu mmoja ulikuwa na ndala, mwingine haukuwa nayo. Alipomwona Sosthène uso wake ulifunguka, kama mtu aliyeona ndugu yake mahali pa wageni.

"Sosthène," alisema, "uwaambie ampule hizi ni nzuri. Wewe unazijua."

Sosthène alitazama chini, kwenye doa la oili sakafuni. Alilitazama mpaka milango ya Landirova ilipofungwa. Taa zake ziliwaka, mbili, za manjano na nzuri, zikaupaka mwanga ukuta wa karakana zilipogeuka. Zilikuwa balbu za Masereka zile zile.

Asubuhi Eseri alikwenda kambini na chakula, akarudishwa nacho. Siku ya pili akarudishwa tena. Siku ya tatu alikuja karakana, akasimama mlangoni, bakuli likiwa bado limefungwa kwa kitambaa.

"Shemeji, wanasema Masereka aliuzia jeshi vitu vibovu. Zilikuwa mbovu?"

"Hapana, shemeji. Zilikuwa muzuri."

"Basi enda uwaambie. Mimi hawanisikii. Wewe ni fundi wao."

"Nitaenda."

Sosthène aliona aibu kwa jinsi Eseri alivyolipokea lile jibu. Alimshukuru. Akamwachia na lile bakuli la sombe, akisema ni vibaya chakula kitupwe.

Usiku Martine aligeuka kitandani akamwambia, "Ukienda kule, hiki kiwanja kitakuwa na bajane wawili." Kesho yake Sosthène hakwenda, wala keshokutwa. Alikwenda Jumapili, baada ya misa, akiwa na shati lake safi na njiti mfukoni.

Langoni alimkuta Kezironi akizisugua taa za Landirova kwa kitambaa. Kichwa kilikuwa kimenyolewa upara.

"Mama nakufa, fundi," alisema bila kuacha kusugua. "Usiku ile ile. Mshumaa nakwisha mapema."

Sosthène alimshika bega, akapita.

Afande alikuwa mezani, amevua kofia, sigara mdomoni haijawashwa. Alifurahi kumwona, furaha ya kweli.

"Fundi. Keti. Tangu sisi nachukua ule mwizi, taa hapana ungua hata moja. Mimi nakimbiza gari mpaka Kasese, narudi, hapana ungua. Wewe nasema kweli."

"Afande, nilikuja juu ya ule mutu." Mkono ukaingia mfukoni, ukatoka na njiti, ukaiweka mezani, mbele ya Afande. "Nilikuja juu ya hii."

Afande aliitazama. Akaichukua, akatoa ganda tupu la kiberiti mfukoni, akaikwaruza. Ikawaka mara ya kwanza. Akawasha sigara yake, akavuta moshi akiwa amefumba macho, akakitupa kipande kilichobaki sakafuni.

"Asante, fundi. Kiberiti nayo hakuna siku hizi. Tangu jana mimi nakaa na sigara bila moto." Akafumbua macho. "Wewe nasema mutu. Mutu gani?"

Sosthène alimtazama usoni akitafuta mzaha, na hapakuwa na mzaha. Afande alikuwa akiuliza kweli. Alikuwa amekwisha kumsahau. Na mtu aliye hai, aliyefungwa humo humo kambini, hasahauliki namna hiyo na yule mwenye ufunguo.

"Hapana kitu, afande."

"Kutoka leo magari yote ya kambi nakuja kwako. Wewe fundi mzuri sana."

"Asante, afande."

Alirudi Bwera kwa miguu. Eseri alikuwa amekaa kizingitini, akasimama alipomwona. Sosthène alisema hakumkuta Afande. Eseri akasema, basi utakwenda tena, na yeye akaitikia ndiyo.

Hakwenda tena. Magari ya kambi yalikuja kwake na aliyatengeneza. Na kila jioni Landirova ilipotoka mpakani, mwanga wake uliingia kiwanjani kabla ya mngurumo, ukapita kwenye ukuta wa karakana, ukafika kwenye mlango wa Masereka. Eseri aliacha alichokuwa akifanya, akatoka nje, akasimama katikati ya mwanga na mkono kwenye paji la uso, maana gari lililompeleka mumewe lilikuwa hilo na aliamini ndilo litakalomrudisha. Gari lilipita. Naye akabaki amesimama gizani kitambo kabla ya kuingia ndani.

Sosthène, ambaye alizitengeneza taa zile kwa mikono yake, akawa anaomba kila jioni ziungue. Hata moja tu, barabarani, mbele ya watu, ili Bwera ijue kwamba Masereka hakuwa na kosa, na askari waje kumchukua yeye Sosthène. Ziliwaka msimu ule wote wa mvua, na uliofuata, na hazikuungua.